Wavuta Kokoro na Injini ya Kabasa

Majuzi nilikuwa napita Mwisenge kwenda kwa fundi viatu, harufu ikanisimamisha. Mafuta ya taa yaliyochanganyika na grisi kuukuu, na chuma kilichopigwa na jua. Nikageuka. Kwenye gereji moja vijana walikuwa wanabadilisha injini ya gari dogo. Mmoja anavuta mnyororo, krrr, krrr, injini inapanda. Anaurudisha, injini inashuka na kukaa mahali pake kama mtoto aliyelazwa. Hakuna aliyepiga kelele wala aliyeimba. Mwenzake alikuwa na simu sikioni anabishana habari za mpira. Nilikodoa macho mpaka wakaniuliza, "Mama, una gari?" Nikawajibu kwamba nilikuwa nalo kabla baba zao hawajaota ndevu. Wakacheka, nami nikacheka, lakini moyoni niliwahurumia. Wanabadilisha injini kimyakimya kama wezi!

Ya kwetu ilibadilishwa Makoko, uani kwetu, na Musoma nzima ikajua. Kama Ukerewe hawakusikia, basi ni kwa sababu siku ile upepo ulivuma kwenda upande mwingine.

Ninyi wa rika langu mnaikumbuka miaka ile. Tulikula ugali wa yanga, ule wa njano, mpaka ukiulizwa rangi ya jua unasema ni rangi ya ugali. Sabuni ilikuwa kipande kimoja, tukikigawana kama mkate wa komunyo. Katika dhiki hiyo yote, sisi tulikuwa na pikapu. Baba alikuwa ameendesha lori la ushirika, na alipoacha kazi yeye na kaka yake wa Butiama, Baba Mkubwa, waliunganisha nguvu wakanunua pikapu iliyotumika. Baba Mkubwa alitoa madume yake mawili ya kulimia. Pikapu ikawa inapeleka samaki wakavu Butiama na kurudi na ulezi, na nyumba mbili zikala.

Halafu bloku ikapasuka. Sikujua bloku ni nini; nilijua tu kwamba Baba alirudi nyumbani kwa miguu, akakaa kwenye kizingiti, asile. Spea nchi nzima hakuna. Ikabidi gari livutwe hadi uani na kuwekwa juu ya mawe. Injini iliyokufa ikatolewa kipande kipande, kila mwenye shida akachukua chake, mpaka chini ya boneti pakabaki uwazi ambamo kuku walitaga.

Lakini hata juu ya mawe, gari ni gari. Mtu akiuliza nyumbani kwetu ni wapi, anaambiwa, "Pale kwenye pikapu." Mimi nilikuwa dereva wake kila siku. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimeshafika Mwanza, nimegeuza Nairobi, na siku nikiamka na nguvu nafika Roma kumsalimia Baba Mtakatifu.

Aliyetaka kuniachisha udereva ni Baba Mkubwa. Alikuja msimu mmoja, akalizunguka gari, akaligonga kwa fimbo yake ya kuchungia.

"Mdogo wangu, hili ni gari au banda la kuku?"

"Ni gari, kaka. Linasubiri injini."

"Mimi nilitoa madume yangu nipate kitu kinachotembea. Kama hakitembei kwa petroli, kitatembea kwa majani. Nipe ekseli na magurudumu, nitengeneze mkokoteni wa ng'ombe. Bodi ibaki, watoto wachezee."

Wala hakuwa mchoyo, jamani. Kule Butiama mkokoteni uliotengenezwa kwa ekseli ya gari ndio uliokuwa mali. Ulibeba mavuno, ulibeba wagonjwa, ulibeba maharusi. Yeye alikuwa na mazao shambani na hana cha kuyabebea. Baba alilijua hilo, ndiyo maana alijibu kwa sauti ya chini. "Nivumilie mpaka uvune ulezi."

"Nikivuna, nakuja na ng'ombe. Nikikuta linanguruma, nitapanda. Nikikuta linataga mayai, nalikata."

Nalikata! Mimi nilikuwa nimemwona Baba Mkubwa akikata ng'ombe wa sherehe, huyu anapewa mguu, yule mbavu. Nikajua atalikata vilevile kwa panga na kuwagawia ndugu. Wiki nzima nilihangaika kujua nani atapewa usukani.

Ndipo zikaja zile siku za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Madukani vitu vikarudi kama mvua iliyosahau njia: sabuni za rangi, mitumba, betri za tochi. Pale Kabasa, Bunda, kulikuwa na mtu mwenye mashine ya kusaga, na miaka yote ya dhiki mashine yake ilizungushwa na injini ya gari iliyofungwa kwenye zege. Sasa alikuwa ameleta mashine mpya ya dizeli. Baba alipita pale akasikia ile ya zamani ikinguruma kwa siku zake za mwisho, akasimama barabarani.

"Ile ni ndugu ya kwetu," alimwambia Mama aliporudi. "Tumbo moja. Niliisikia tu nikaijua. Jamaa anakubali baiskeli yangu na... na kabati la vyombo."

"Kabati langu?"

"Litarudi, Mama Nyangeta."

"Kwa miguu?"

Nyangeta ndiye mimi. Nilimwangalia Mama akitoa vikombe vyake vya harusi kimoja kimoja na kuvipanga kwenye boksi. Alipomaliza akafuta vumbi la kabati kwa khanga yake. "Chukua," akasema. "Ila hiyo injini isipowaka, wewe ndiye utakuwa kabati langu. Vyombo nitakupanga mabegani."

Injini ilifika juu ya lori la pamba. Ilikuwa nyeupe! Unga wa miaka yote ulikuwa umeganda kila penye upenyo. Nikawaza kitoto: kitu hiki kazi yake ni kusaga, basi hata kikiingia kwenye gari kitaendelea kusaga, na sisi tutakuwa tunapita barabarani tukimwaga sembe nyeupe nyuma, kwaheri yanga. Nikachukua ungo wa Mama nikautega chini ya bomba la moshi. Baba aliukuta, akauangalia, akauacha palepale. Mpaka leo namheshimu kwa jambo hilo.

Tukaanza kuiosha. Vyuma vililala kwenye beseni la mafuta ya taa, na nyumba nzima ikanuka hivyo. Chai ilinuka, shuka zilinuka, nadhani hata sala zetu zilifika mbinguni zinanuka. Zile raba za kukalia injini hazikuwepo, basi mshona katambuga akazikata kutoka kwenye tairi la lori, kama anakata soli za jitu. Baba akaishusha pikapu kutoka kwenye mawe, akasimamisha miti mitatu mikubwa ya mkaratusi mbele ya gari, akaifunga vichwa, akaning'iniza kapi la mtumbwi wa tanga, kile kigurudumu cha kupitishia kamba. Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima na watoto nyumbani, mwalimu wa shule ya jioni alichora kapi ubaoni akauliza nani amewahi kuliona likifanya kazi. Niliinua mikono yote miwili.

Kamba tulikuwa nayo, mnyororo wa gereji hatukuwa nao. Nani avute? Makoko swali hilo lina jibu moja, wavuta kokoro. Kokoro ni ule wavu mrefu unaozungushwa ziwani na kuvutwa na watu wakiwa nchi kavu, na mwenye kokoro pale mtaani alikuwa Mzee Masatu, mtu mfupi mwenye sauti ya kengele.

"Injini tu?" alisema, akiitazama. "Sisi tumevuta sangara mwenye shingo kama ya fahali. Hii ni furu, samaki wa kiganja."

Siku yenyewe walikuja wote, vifua wazi, kamba wakaipokea kama wanavyoipokea ufukweni. Mzee Masatu akatoa wimbo, wakaitikia, na kila wakiitikia wanarudi nyuma hatua moja. Injini ikajing'oa ardhini. Nzito kuliko dhambi za mtaa mzima, lakini ikapanda! Ikafika usawa wa boneti, ikapita.

"Basi!" Baba akapaza sauti. "Basi jamani, inatosha!"

Wakaitikia wimbo, wakarudi hatua nyingine.

"Nimesema basi! Masatu, simamisha watu!"

Mzee Masatu alimwonyesha kiganja, kana kwamba anamwambia subiri, kuna beti bado. Baba alikuwa mtu wa milimani, hakulelewa ufukweni. Mtoto yeyote wa Makoko angemweleza kwamba wimbo wa kokoro haukatwi katikati. Ukiukata, wavu unachanika na samaki wanakwenda zao. Hivyo watu wale wakaendelea kurudi nyuma, wakapita jiko, wakakanyaga mchicha wa Mama, na injini ikapanda mpaka ikagota kwenye kapi na miti ikalia. Ndipo ubeti ukaisha. Wakasimama, wanatoka jasho, wameridhika, na injini inaning'inia kule juu kama popo.

"Nilisema basi!" Baba alikuwa karibu kulia.

"Nilikusikia, Baba Nyangeta. Lakini wimbo haukatwagi."

Ni katika dakika hiyo, kama ilivyo kawaida ya wakubwa, Baba Mkubwa aliingia uani. Alikuwa na jozi ya ng'ombe, mwanawe mkubwa Wambura, na begani msumeno wa chuma. Walikuwa wametembea tangu jana yake. Akatazama juu kwenye injini, akatazama chini kwa ndugu yake.

"Mdogo wangu, umeinyonga?"

Watu wakacheka, Baba hakucheka. Pikapu ikasukumwa ikae chini ya injini sawasawa, akawaambia washushe taratibu. Hapo ikaonekana shida ya pili. Wavuta kokoro wanajua kuvuta. Kurudisha hawajui, maana tangu dunia iumbwe hakuna aliyewahi kurudisha kokoro ziwani likiwa na samaki. Walipolegeza, kamba iliwaponyoka, injini ikadondoka, wakaidaka kwa shida juu kidogo ya boneti, viganja vinawaka moto. Ingegonga fremu tungekuwa na bloku ya pili iliyopasuka, na baiskeli hatuna, kabati hatuna.

"Wambura," Baba Mkubwa akasema polepole, "weka msumeno karibu."

Mimi nikaangua kilio. Mama akatoka jikoni na ndoo akanishikisha. "Nenda ziwani ukalete maji ya rejeta." Nadhani rejeta ilikuwa sababu ndogo, alitaka nikalie mbali.

Nilikuwa napandisha kutoka ziwani, ndoo kichwani, nikasikia wimbo. Haukuwa wa kokoro. Ulikuwa ule wa kanisani unaoimbwa pale kaburini, jeneza likiteremshwa, wimbo mmoja mzito ambao kwetu hauimbwi mahali pengine popote. Nikaingia uani. Wanaume wote wamevua kofia. Wamejipanga pande mbili, kamba mikononi, macho chini. Mama amesimama mbele yao anaongoza wimbo. Na chini ya pikapu, chini kabisa, miguu ya Baba imetokeza, viatu vinatazama juu, imetulia.

Nilipiga yowe ambalo sijawahi kulirudia, hata kwenye uzazi. Ndoo ikaenda zake. "Baba! Baba amekufa!"

Mama aliniona. Aliniona vizuri kabisa, na akaendelea kuimba! Macho yake yalinishika pale nilipo, mkono mmoja ukanipungia nitulie, mdomo haukuacha beti. Nikamchukia kwa muda wa ubeti mmoja. Nilikuwa sijui kwamba angekatiza, wale wanaume wangeshtuka, na kilo zote zile zilikuwa juu ya kifua cha Baba. Kamba ikateleza mikononi mwao kidogo, kidogo, kwa heshima, kama ilivyoteleza siku zote wakimteremsha mtu wao. Wimbo ukafika mwisho. Kutoka uvunguni sauti ikasema:

"Imeingia! Imekaa kwenye giaboksi kama kidole kwenye pete. Halafu nani kafa huko?"

Baadaye ndipo nilielezwa. Nilipokwenda ziwani, watu walikuwa wanabishana, na Mama akawauliza, "Hivi ninyi mnasema hamjui kushusha? Mzee jirani yetu wa juzi tulimshushaje? Aliruka?" Akawanyoshea kamba. "Basi shikeni kama siku ile." Naye alikuwa mtoa nyimbo wa jumuiya, akatoa ule. Kofia hakuna aliyewaambia wavue. Wimbo ule ukianza, mkono wa mtu wa Makoko unakwenda kichwani wenyewe.

Tatizo ni kwamba wimbo ule, pamoja na yowe langu, ulikuwa umesafiri. Wakaanza kuingia akina mama wa mtaa wa juu, kisha wa mtaa wa pili, kuni kichwani, unga kwenye vibakuli, wanalia kama inavyotakiwa. "Uuuwi, Mama Nyangeta, amekuachia nani!" Baba akatambaa kutoka uvunguni, mweusi kwa grisi kutoka unyayo hadi utosi, akasimama. Mama mmoja mnene akatupa kuni zake na kukimbia hadi barabarani. Wanasema aliruka ua bila kuligusa.

Walipoelewa, ilikuwa vicheko mpaka watu wakaketi chini. Ila kuni na unga wa msiba kwetu haurudi ulikotoka, ni mwiko. Ikabidi upikwe. Basi waliokuja kutulilia wakasonga ugali, Mzee Masatu akatuma sato, na Baba akafunga nyaya, bomba na bolti huku anasikia harufu ya chakula cha mazishi yake mwenyewe. Wachache sana hupata nafasi hiyo.

Baba Mkubwa alikula, akanawa, akarudi kwenye msumeno.

"Nilisema lingurume au nilisema likae?"

"Kaka, betri hakuna. Ni la kusukuma."

"Basi lisukumwe. Jua linakwenda, na mimi nina ulezi uko nje."

Kutoka uani kwetu njia inateremka hadi ziwani, moja kwa moja. Baba akaingia kwenye usukani wangu. Nyuma wakajipanga wavuta kokoro, waombolezaji na khanga zao wamezifunga kiunoni, Wambura, Mama, na mimi nikiwa nimeshika bampa kwa nguvu zangu zote. Tukasukuma. Gari likaenda. Baba akaachia klachi. Likakohoa, likatetemeka, likanyamaza. Tukasukuma tena. Likakohoa. Ziwa sasa lilikuwa pale mbele linatungoja, na breki za gari lililokaa juu ya mawe miaka yote hiyo anazijua Mungu. Nilimwona Baba Mkubwa anatembea nyuma yetu, msumeno mkononi, uso hauna kitu. Mama akapiga kelele, "Sukumeni, jamani, mmekula ugali bure?"

Mara ya tatu lilikohoa na halikunyamaza. Bomba likatema wingu jeupe, na wasomi waseme ni moshi, mimi naapa ni unga wa Kabasa. Kisha likanguruma! Kuku walipanda mapaa, ng'ombe wa Baba Mkubwa walimburuta Wambura aliyewakimbilia, waombolezaji wakapiga vigelegele. Baba alikata kona maji yakiwa yameshagusa tairi la mbele, akapandisha kilima chote akipiga honi kwa mdomo, maana honi yenyewe haikuwepo.

Akasimamisha mbele ya kaka yake, injini inaunguruma. Baba Mkubwa aliweka kiganja juu ya boneti, kama anavyoweka juu ya shingo ya dume analotaka kulijua. Kisha akampa Wambura msumeno. "Wewe rudisha ng'ombe. Mimi nimepata usafiri."

Kwa desturi kiti cha mbele ni cha mkubwa. Baba akamfungulia mlango. Baba Mkubwa akautazama, akatikisa kichwa.

"Shemeji aingie hapo. Aliyeishusha injini ndiye akae mbele."

Mama, mwenye masizi na grisi, mchicha wake umekanyagwa, aliingia akakaa wima kama picha ya shilingi. Sijawahi kuona mtu mrefu kama Mama alivyokuwa mchana ule. Baba Mkubwa akapanda nyuma kwenye bodi pamoja nami, akakataa kuketi. Alisimama ameshika paa la kabini, koti linapepea, na kutoka Makoko hadi Butiama hakupita nyumba bila kuipungia mkono. Palipokuwa hapana nyumba alipungia mbuzi.

Karibu na kwake tulimkuta jirani yake kando ya njia, mzee mmoja aliyejua habari za ile safari ya msumeno. Baba akapunguza mwendo.

"Wee!" yule mzee akaita. "Mkokoteni uliokwenda kuuchukua uko wapi?"

"Si huu nimeusimamia!"

"Na ng'ombe wake?"

Baba Mkubwa akapiga paa la kabini kwa kiganja, Baba akakanyaga mafuta, injini ikavuma bonde zima.

"Wako ndani," akasema. "Huwasikii?"